Saruji Inayojisafisha na Uchafu Isiouweza

Muuzaji wa saruji inayojisafisha akifungua kompyuta mbele ya mteja, picha ya kwanza huwa ile ile: Kanisa la Jubilei, Tor Tre Teste, pembezoni mwa jiji la Roma. Lilisanifiwa na Mmarekani Richard Meier na kufunguliwa Oktoba 2003. Kinachovuta macho ni kuta tatu zilizopinda, ambazo Waitaliano huziita matanga, mrefu kuliko zote ukikaribia mita 26, nyeupe pe. Zimeungwa kwa vipande vya zege vilivyomiminwa kwenye kalibu, kila kimoja na uzito wa tani kama 12, na kokoto yake ni marumaru ya Carrara. Saruji ilitoka kwa kampuni ya Italcementi ya Bergamo. Watafiti wake, wakiongozwa na mkemia Luigi Cassar, walikuwa wameitia unga wa titani dioksidi ili ukuta ukipigwa na jua ujilie uchafu wake wenyewe.

Picha hiyo ilipigwa kanisa likiwa jipya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu jengo hilo hilo ulionyesha kuwa matanga yamebadilika rangi, tena hayakubadilika kwa usawa. Jengo ambalo ndilo tangazo kuu la weupe wa kudumu halikudumu kuwa jeupe hata miaka 20.

Sisemi hivyo kuidharau teknolojia yenyewe. Kemia yake ni ya kweli na imepimwa maabara mara nyingi mno. Shida ni kwamba saruji hii imeundwa kupambana na uchafu wa aina moja, kwenye mazingira ya aina fulani, kisha ikapewa jina linaloahidi uchafu wote na mahali pote. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anayeombwa alipie zaidi anapaswa kuuliza kwanza: ukuta wangu unachafuliwa na nini hasa?

Habari ilianzia Chuo Kikuu cha Tokyo. Mwaka 1967 Akira Fujishima, wakati huo mwanafunzi chini ya Kenichi Honda, alizamisha majini fuwele ya titani dioksidi iliyounganishwa na kipande cha platini, akaimulika, na viputo vikaanza kupanda. Mwanga ulikuwa unayagawa maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Taarifa yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwaka 1972, na mwaka uliofuata bei ya mafuta ilipopanda duniani, wengi waliona hapo njia ya kupata haidrojeni ya bure kutoka juani. Haidrojeni iliyopatikana ilikuwa kidogo mno. Lakini baadaye ikaonekana kwamba nguvu ile ile inayovunja maji huvunja pia mafuta, masizi, harufu na bakteria, na hapo ndipo watu wa majengo walipoanza kusogea.

Kinachotokea ukutani ni hiki. Mwale wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 388 ukiigonga fuwele ya titani dioksidi ya aina ya anatasi, elektroni huruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Elektroni hiyo hudakwa na oksijeni ya hewani, na tundu hunyang'anya elektroni kutoka kwenye unyevu uliotanda juu ya ukuta. Zinazaliwa chembe kali zenye maisha mafupi sana, hasa haidroksili huru, ambazo hushambulia vitu vyenye kaboni na kuvikatakata mpaka vibaki kaboni dioksidi na maji. Titani dioksidi yenyewe haipungui, kwa kuwa ni kichocheo tu. Halafu kuna tabia ya pili, iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1997: uso uliopigwa na miale hiyo huanza kuyapenda maji. Tone halisimami likiwa duara, linatandazika na kuwa utando mwembamba, na utando huo hupenya chini ya uchafu na kuuteremsha. Kampuni ya TOTO iliitumia tabia hiyo kwenye vigae, na Pilkington ya Uingereza ikaleta sokoni kioo cha namna hiyo mwaka 2001.

Fundi rangi akisikia haya yote anaweza kushangaa kuambiwa kwamba titani dioksidi imo tayari kwenye karibu kila ndoo ya rangi nyeupe aliyowahi kuifungua. Ndiyo inayoipa rangi weupe na uwezo wa kuficha plasta. Tofauti ni kwamba viwanda vya rangi hutumia zaidi fuwele ya aina ya rutili, na huifunika kila chembe kwa silika au alumina ili isifanye kazi niliyoieleza. Wanajua wanachokiogopa. Titani iliyoachwa uchi ndani ya rangi ya plastiki haichagui. Itakula masizi, na itakula pia gundi inayoishika rangi ukutani. Pitisha kiganja kwenye ukuta uliopakwa rangi duni miaka kadhaa iliyopita: kikirudi na unga mweupe, gundi imekwisha kuliwa na jua, na titani iliyofunikwa vibaya mara nyingi huwa imesaidia.

Saruji haina tatizo hilo, kwa sababu ni jiwe. Hakuna gundi ya kuliwa. Ndiyo maana wazo la Italcementi lilikuwa la busara: walitafuta nyumba ambayo mgeni huyu hawezi kuibomoa. Akija mtu kukuuzia rangi ya plastiki "inayojisafisha", muulize gundi yake ni nini. Kama si silikati au kitu kingine cha jamii ya mawe, mwombe akuonyeshe ukuta alioupaka miaka mitano iliyopita.

Malighafi yake nayo si ngeni pwani yetu. Kuanzia 2013 hadi mwishoni mwa 2024, mchanga mzito wa Kwale ulichimbwa na kuchambuliwa kupata ilmenaiti, rutili na zirkoni, ukapakiwa melini Likoni na kupelekwa ng'ambo. Ilmenaiti na rutili ndizo zinazochenjuliwa kuwa unga wa titani dioksidi. Na Italcementi yenyewe ilinunuliwa mwaka 2016 na HeidelbergCement ya Ujerumani, ambayo ndiyo kampuni mama ya Twiga Cement ya Wazo Hill. Kwa hiyo umbali si kisingizio. Tukiamua inatufaa, njia ya kuipata ipo.

Inatufaa? Simama mbele ya jengo la ghorofa tatu lenye paa la kuficha, la aina hii iliyotapakaa mijini siku hizi, ambalo limekwisha kupitiwa na masika mawili. Anzia chini. Kuna mkanda mwekundu unaofika magotini, mahali matone ya mvua yanapogonga ardhi na kurusha tope ukutani. Panda hadi madirishani: kila kizingiti kimeteremsha michirizi miwili, mmoja kila pembe, kama masharubu. Juu kabisa, ukingo wa ukuta unaoficha paa umekuwa mweusi, na weusi unashuka kwa ndimi zisizolingana. Nyuma, chini ya bomba linalotoa maji ya kiyoyozi, pana ukijani unaoteleza. Kama mchanga wa plasta ulitoka baharini na haukuoshwa, basi hapa na pale patakuwa na chumvi nyeupe inayochanua na kumenya rangi.

Hayo ni matatizo matano, na saruji ya titani haiyatazami kwa jicho moja.

Wekundu ni oksidi za chuma na udongo wa mfinyanzi. Havina kaboni ya kuchomwa. Ni vitu ambavyo vilishamalizana na oksijeni zamani sana. Kichocheo hakina la kuvifanya. Msaada pekee ungekuwa ule utando wa maji unaoteleza, lakini tope lililorushwa kwa nguvu na kukaukia kwenye plasta yenye vinyweleo halitoki kwa utando. Tena linaleta hasara ya pili: linaufunika ukuta, mwanga haupiti, na kichocheo kilicho chini yake kinalala.

Chumvi ni hivyo hivyo. Inatoka ndani kwenda nje, nayo haina kaboni. Dawa yake ni kuosha mchanga na kuzuia maji yasipande kutoka kwenye msingi.

Weusi wa juu watu huuita moshi. Mara nyingi si moshi, ni viumbe hai: bakteria wa kijani, mwani, kuvu. Hapa saruji ya titani ina haki ya kujaribiwa, maana viumbe hivi vina kaboni na haidroksili huru huviumiza. Ila tuangalie mpambano wenyewe unavyokwenda. Mwani hukua mahali penye maji mengi, wakati wa mawingu na usiku. Kichocheo hufanya kazi mchana, penye jua. Kichocheo huua kinachogusana nacho tu. Mwani ukishajenga tabaka, la juu huishi salama na la chini huwa mwamvuli. Majaribio ya maabara kwenye plasta yametoa majibu yanayotofautiana, na tofauti kubwa hutokana na uso: ulio laini na usionyonya maji hufanya vizuri, wenye mikwaruzo na vinyweleo hushindwa. Plasta zetu nyingi, zilizosuguliwa kwa kipande cha mbao na mchanga usiochekechwa vizuri, ziko kundi la pili. Saruji hii itachelewesha weusi ukutani. Kuuzuia kabisa, au kuuondoa ukishaingia, haiwezi.

Nje ya hayo matano kuna masizi na mafuta ya magari. Jengo linalotazama Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam, malori ya bandarini yakipita usiku na mchana, lina uchafu ambao hasa ndio chakula cha kichocheo hiki. Kama nina mteja mwenye jengo refu jeupe mahali kama hapo, nitamshauri alifikirie jambo hili kwa uzito.

Mtu atasema: sisi tuna jua. Tunalo, na miale ya urujuanimno, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nishati ya jua, hapa kwetu ni mikali kuliko Ulaya yote. Lakini jua la Ikweta saa sita mchana liko utosini. Linapiga paa na ardhi, na ukutani linapita kwa kukwaruza tu. Mpokeaji mkubwa wa miale hiyo ni sakafu ya nje, na ndiyo maana naona matofali ya kutandika njiani yana nafasi nzuri kuliko kuta. Wajapani waliyatengeneza tangu miaka ya 1990, kichocheo kikiwekwa kwenye tabaka la juu la milimita chache ili kupunguza gharama. Mvua nayo ni sehemu ya mtambo. Bila maji ya kusuuza, mabaki ya kilichovunjwa hubaki pale pale. Chukua Dodoma: jua kali, vumbi jingi, na miezi mingi mfululizo bila tone. Majengo mapya ya Mji wa Serikali pale Mtumba yangepata miale ya kutosha, lakini vumbi lingekaa juu ya kichocheo nusu ya mwaka bila kuoshwa. Ukiniuliza mji upi nchini ungefaidika kidogo kuliko yote, nitakutajia huo.

Lipo pia suala la uzee, ambalo vipeperushi hulinyamazia. Saruji huvuta kaboni dioksidi ya hewani na kujenga kalsiamu kaboneti usoni pake. Chokaa hiyo mpya huzifunika fuwele za titani kidogo kidogo. Na chembe zenyewe, kwa jinsi zilivyo ndogo, hupenda kushikana mabonge wakati wa kuchanganya, hivyo sehemu ya unga uliolipiwa hufungiwa ndani ambako jua halifiki. Namba iliyopimwa kwenye sampuli ya siku 28 si namba ya ukuta wa miaka kumi.

Kuhusu hewa ndiko madai yalikopanda juu zaidi. Palazzo Italia, jengo la Italia kwenye Maonyesho ya Dunia ya Milano mwaka 2015, lilivikwa mita za mraba kama 9,000 za vipande vya saruji hii, na magazeti yakaandika kwamba jengo linakula moshi wa jiji. Kemia inaruhusu: oksidi za nitrojeni kutoka kwenye magari zikigusa ukuta hugeuzwa kuwa nitrati, ambazo huungana na kalsiamu ya saruji na kuoshwa na mvua. Kwenye mtaa mmoja wa Hengelo, Uholanzi, uliotandikwa matofali ya namna hii, vipimo vilionyesha oksidi hizo zimepungua kwa wastani wa asilimia 19 mchana kutwa ukilinganisha na mtaa wa jirani, na asilimia 45 siku za hali nzuri kabisa, yaani jua kali na hewa kavu. Maneno hayo mawili ya mwisho yasomwe tena na mtu wa Tanga. Maji mengi hewani hugombania nafasi ile ile ambayo gesi ingekaa, na hewa ya pwani si kavu.

Njia za chini ya ardhi zimetoa picha mbili zinazopingana. Roma, kwenye njia ya Umberto I iliyokarabatiwa mwaka 2007, taarifa zilisema upungufu ulizidi asilimia 20. Brussels, kwenye njia ya Leopold II, watafiti wa mradi wa PhotoPAQ walipaka kuta, wakafunga taa za urujuanimno, wakapima kwa uangalifu mkubwa, na hawakuona upungufu wowote. Walikadiria kwamba hata kama ulikuwepo haukuzidi asilimia 2. Kuta zilikuwa zimelemewa na uchafu kiasi cha kichocheo kuchoka. Jopo la wataalamu wa ubora wa hewa linaloishauri serikali ya Uingereza lilipitia ushahidi mwaka 2016 na kuona hauungi mkono wazo la kusafisha hewa ya miji kwa kuta na rangi. Sababu ni nyepesi kuielewa: ukuta husafisha hewa inayougusa tu, na hewa nyingi ya barabarani hupita bila kugusa ukuta wowote. Nimeshawahi kusikia pendekezo la kuvika saruji hii nguzo za madaraja ya juu ili kupunguza moshi wa magari. Fedha hiyo ipelekwe kwenye ukaguzi wa injini za dizeli.

Turudi kwenye yale masharubu ya madirishani, maana hapo ndipo naona tunapotezwa. Michirizi ile haikuletwa na aina ya saruji. Imeletwa na kizingiti kisicho na mfereji wa matone. Fundi anayejua kazi hutandika kipande chembamba cha mbao au nondo chini ya ukingo wa kizingiti kabla ya kumimina zege, kisha anakitoa zege likishashika. Panabaki mfereji wa upana wa kidole ambapo maji hukatika na kudondoka mbali na ukuta. Hakuna cha kununua. Ukingo wa juu ukipewa kofia ya zege yenye mteremko wa kurudi ndani, weusi unapungua sana. Kokoto ikimwagwa kuzunguka jengo kwa upana wa hatua moja, mkanda mwekundu wa chini unapotea. Na upenu mpana, ule tulioutupa ili nyumba zifanane na za kwenye magazeti, huuweka ukuta mbali na mvua kabisa. Kwa kweli upenu na saruji ya titani haviendani: mmoja unauficha ukuta, nyingine inauhitaji uwe uchi kwa jua na mvua. Kwa nyumba ya kuishi, kila mara nitachagua upenu.

Wazee wa Mji Mkongwe na Lamu walikuwa na jibu jingine. Ukuta wa mawe ya matumbawe ulipakwa chokaa, na chokaa kwa ukali wake huua kuvu, halafu huchakaa na kuondoka pamoja na uchafu iliouzuia. Msimu ukirudi, inapakwa tena. Hakuna aliyeahidiwa kwamba kazi itafanywa mara moja. Bajeti ya matengenezo ilikuwa sehemu ya nyumba. Jengo la umma linalojengwa leo bila fungu la kuoshwa wala kupakwa upya litachakaa hata likitiwa titani mpaka juu.

Nani basi ainunue? Mwenye jengo refu, jeupe, la vipande laini vilivyomiminwa kiwandani, kwenye barabara yenye magari mengi na mvua ya kutosha, mahali ambapo kumfunga fundi kamba na kumshusha kuosha ukuta ni ghali na hatari. Pengine na halmashauri inayotandika matofali kwenye uwanja wa wazi wa katikati ya mji. Wenye nyumba za kuishi, wajenzi wa shule, zahanati na kuta za uzio, wasiiguse. Na watakaoichanganya wavae barakoa kwelikweli: tangu 2006 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeuweka unga wa titani dioksidi unaovutwa kwa pumzi kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Ukishaganda ndani ya zege, hofu hiyo haipo.

Kwa ndugu zangu wa bodi za zabuni nina ombi moja. Waitaliano wana kipimo, UNI 11259, ambacho fundi sanifu yeyote anaweza kukielewa: sampuli ya saruji hupakwa rangi ya waridi iitwayo rodamini B, humulikwa, na rangi inayopotea hupimwa. Baada ya saa 4 iwe imepotea zaidi ya asilimia 20, na baada ya saa 26 zaidi ya asilimia 50. Mtakeni muuzaji alete matokeo ya kipimo hicho kwa sampuli mpya, kisha amimine vibao viwili kwa mchanga wenu na maji yenu, kimoja chenye titani na kimoja kisicho nayo, visimamishwe wima kwenye eneo la ujenzi mpaka vipitiwe na kiangazi kimoja na masika moja, halafu kipimo kirudiwe. Muuzaji akilikataa sharti hilo, nunueni saruji ya kawaida, na tofauti ya bei muitie kwenye vizingiti na upenu.